Msaragambo Usio na Wimbo

Barua yenyewe ilibandikwa siku ya gulio, asubuhi na mapema, kwenye nguzo ya baraza ya tano, pale pale ambapo Rahabu alikuwa akitundika sare zilizokwisha kushonwa. Aliyeibandika hakupiga hodi. Alizisukuma kando kaptula za watoto wa watu kama anayefukuza kuku, akagonga misumari minne, akaenda zake.

Rahabu aliposhuka kutoka nyumbani na kikapu chake cha nyuzi, alikuta watu wamejaa barazani. Walimpisha. Miaka miwili kabla ya hapo angemwomba mtu amsomee, lakini alikuwa amekaa kwenye darasa la watu wazima, jioni baada ya jioni, akiumiza macho, na sasa hakuna aliyeweza kumsomea uongo. Akasoma mwenyewe, kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole.

Barua ilisema kwamba majengo ya Safu ya Barazani, yakiwa masalio ya ukoloni, yatabomolewa kupisha hoteli ya kisasa ya watalii, vyumba sitini. Ilisema kazi ya kubomoa itafanywa na wananchi wenyewe, kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kwa moyo wa kujitegemea. Ilisema mabalozi wa nyumba kumi, Rahabu akiwa mmoja wao, watawahamasisha watu wao. Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, kila mtu na jembe lake au nyundo yake.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu aliwaambia, tena kwa misumari, na juu yake akataka wamsaidie kubeba milango.

Safu ya Barazani, kwa asiyeijua, ilikuwa maduka sita yaliyoshikana katikati ya mji wa Lushoto, ya mawe, kuta nene za kuzuia baridi ya mwezi wa saba, na mbele yake baraza moja ndefu iliyoezekwa bati na kushikiliwa na nguzo za mti wa mwangati. Rahabu alikuwa na cherehani yake ya miguu kwenye baraza ya tano kwa miaka kumi na tisa. Hapo ndipo alipolea wanawe baada ya mumewe kufariki. Kila aliyeshuka kutoka Magamba, kila aliyepanda kutoka Soni, alipita mbele yake, na aliyepita mbele yake siku moja angechanika suruali. Fundi asiyepitiwa na watu ni mtu mwenye cherehani tu, na Rahabu alilijua hilo. Alipomaliza kusoma akakaa kwenye kiti chake, akajaribu mara tatu kutunga uzi kwenye sindano bila kuupitisha.

Kisha akakasirika. Hasira ya Rahabu haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kuvaa viatu.

"Mzee Hassani," akasema, "chukua koti. Tunakwenda bomani."

Mzee Hassani alikuwa mshona viatu wa baraza ya nne, na zaidi ya hapo ndiye aliyekuwa mpiga gunda wa mji, ile pembe ya tandala ambayo ikilia watu wanajua kuna msaragambo. Alikuwa mtu wa kulalamika. Alilalamika njia nzima ya kupanda bomani, kuhusu mgongo, kuhusu kilima, kuhusu wanawake wasiojua kusubiri hadi chai iive. Lakini alikwenda.

Bwana Maendeleo wa wilaya aliitwa Hezekia, kijana wa Kwai, mtoto wa Kilutheri aliyesoma kwa akili zake mwenyewe hadi akapata meza yenye kitambaa cha kijani. Walipoingia alisimama upesi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Rahabu akajibu. Hakukaa. "Nimesoma barua yako. Nimekuja kukuuliza tutakwenda wapi."

"Mmetengewa viwanja, mama. Kule bondeni, chini ya mto."

"Kwenye vyura?"

"Patakaushwa."

"Pakishakaushwa, nani atashuka kule bondeni kunitafuta nimtie kifungo?"

Hezekia alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na mimi simtetei, nasema tu ilivyokuwa. Wakubwa wa shirika lenye hoteli walikuja na mchoro wa rangi, bwawa la kuogelea na miavuli, nao wakamwuliza kama wananchi wataondoa majengo wenyewe. Akasema watafanya kwa furaha. Sasa ile furaha ilikuwa lazima ipatikane.

"Mama," akasema kwa upole, "yale majengo ni ya Mjerumani. Tumejitawala miaka tisa sasa. Tutalilia kuta za mkoloni mpaka lini?"

"Mjerumani alibeba jiwe lipi?"

"Unasema?"

"Nakuuliza, mwanangu. Wewe umesoma. Katika mawe yale yote, Mjerumani alibeba lipi?" Akaisogelea meza. "Babu yangu mzaa baba alitolewa shambani kwake, akafungwa kamba na wenzake, wakabeba mawe kutoka mtoni hadi pale, kichwani, masika mbili. Nyuma yao mtu na kiboko. Nimemwona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Shingo yake ilikuwa imelala upande, hakuweza kuangalia juu mpaka alipokufa. Kuta zile ni zake. Ni za babu yako pia, kama watu wa Kwai wamesema kweli. Walijenga kwa kiboko. Sasa wewe unataka tubomoe kwa wimbo?"

Mzee Hassani akaangalia kitambaa cha kijani.

Kisha ofisi ikamrudia Hezekia. Akasema balozi asiyeleta watu wake anakwenda kinyume na mpango. Akasema hapendi, lakini balozi wa namna hiyo anaweza kuondolewa, na jina lake likatajwa mahali ambapo si pazuri kutajwa.

"Watu utawapata," Rahabu akasema. "Nitawaleta wote."

Wakatoka. Mzee Hassani alivumilia mpaka kona ya kwanza.

"Umerogwa? Umeingia simba umetoka paka! Kwamba nitawaleta wote!"

"Nimemwambia nitawaleta. Nimemwambia watafanya nini?"

Mzee Hassani akasimama katikati ya njia.

"Msaragambo una desturi yake," Rahabu akaendelea. "Au umezeeka umesahau?"

Hakuwa amesahau. Hakuna wa huko asiyejua. Gunda likilia, lazima utoke. Asiyetoka anatozwa kuku, na kuku wake analiwa na waliotoka huku akisemwa. Lakini kutoka si kufanya kazi. Aliyeita msaragambo anasimama mbele ya watu, anataja kazi, anauliza mara tatu: ni kazi ya nani? Watu wanaitikia: yetu! Hapo ndipo aliyeita anapiga pigo la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, mwimbishaji anaanzisha wimbo, na majembe yote yanapanda pamoja. Bila wimbo hakuna jembe linalopanda. Wakati Mwingereza alipowalazimisha kuchimba matuta mashambani, watu walikataa kwa kukimbilia msituni. Kukataa ukiwa umesimama pale pale, jembe mkononi, uso kwa uso na aliyekuita, hilo Mzee Hassani hakuwahi kuliona maishani mwake.

"Itakuwa aibu kubwa," akasema taratibu.

"Yake."

"Na kama mtu mmoja tu akiimba?"

"Ndiyo maana inabidi tuanze kutembea leo," Rahabu akasema.

Wakatembea. Siku nane Rahabu alishona asubuhi na kuzunguka mchana, nyumba kwa nyumba, balozi kwa balozi, Waislamu na Wakristo, mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka na Mzee Hassani akakigongelea bure huku akinung'unika. Wengine waliogopa, na hakuwalaumu. Wengine walisema hoteli italeta kazi. "Kazi gani?" akawauliza. "Kuwafulia wageni mashuka? Mashuka hata sasa yapo." Halima, muuza karoti na kabichi, ndiye aliyemchosha kuliko wote.

"Mimi sina baraza," Halima alisema. "Nauza chini, juu ya gunia. Safu ikivunjwa isivunjwe, yananihusu nini?"

"Mvua ikinyesha unakimbilia wapi na kabichi zako?"

Halima akafungua mdomo, akaufunga. "Wewe mama una maneno," akasema, akacheka, akampa karoti mbili.

Jumamosi ilikuja na ukungu wake. Saa moja na nusu Mzee Hassani alisimama mwisho wa baraza, akajaza mashavu, na gunda likalia mpaka milima ikajibu. Watu wakaanza kutokea ndani ya ukungu, majembe begani, wanawake na kanga mbili mbili juu ya sweta. Walishuka wa Magamba, walikuja wa Kwai, walipanda wa Soni kwenye lori la mboga. Barabara ikajaa toka Safu mpaka kona ya kwenda kanisani. Ilipofika saa mbili hapakuwa na pa kutia mguu.

Hezekia alifika na Landrova, pamoja na mabwana wawili wa shirika. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi iliyonyooshwa kwa pasi mpaka ikasimama. Alipoona umati ule uso wake uling'aa, na Rahabu, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi za baraza ya tano, alimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

"Ndugu wananchi!" Hezekia akasema juu ya ngazi ya gari. "Leo Lushoto inafungua mlango kwa dunia! Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Wakasema tena," Mzee Hassani akapaza sauti kutoka kule mwisho, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Hao wako watashika jembe?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Hezekia alicheka. Alieleza habari za vyumba sitini na maji ya moto, akamaliza kwa kupunga mkono.

"Haya, tuanze!"

Hakuna aliyesogea.

Rahabu akashuka ngazi. Alikuwa na nyundo kubwa ya kupasulia mawe aliyoiazima kwa fundi mwashi, akamkabidhi Hezekia kwa mikono miwili, kwa adabu yote, kama anavyopewa mtu maji ya kunawa.

"Aliyeita ndiye anayefungua, mwanangu."

Hezekia aliitazama ile nyundo, akatazama suti yake. Mtu aliyekulia Kwai hawezi kusema hajui. Ilikuwa imemtoka akilini tu, miaka ile ya bweni na vyuo na vitambaa vya kijani. Alikuwa amekumbuka msaragambo kama watu wengi wanaofanya kazi pamoja, akasahau kwamba kwanza huulizwa. Akapanda kwenye baraza ya kwanza.

"Ni kazi ya nani?" akauliza.

Kimya. Mtoto akakohoa mgongoni kwa mamaye.

"Ni kazi ya nani?"

Kimya. Bati lilikuwa likidondosha umande, ukasikika ukianguka.

"Jamani! Ni kazi ya nani?"

"Yetu!" akaitikia bwana mmoja wa shirika kutoka ndani ya Landrova, kwa nia njema kabisa, na wanawake wa mbele wakaziba midomo kwa kanga.

Hezekia akainua nyundo akapiga. Alipiga kona ya ukuta wa baraza ya kwanza, plasta ikabanduka kipande cha ukubwa wa sahani. Akapiga tena. Akapiga ya tatu, na jiwe likarudisha nyundo mpaka viwiko vikamtetema. Kila alipopiga alisubiri kidogo, wimbo uanze, na kila aliposubiri alisikia pumzi yake mwenyewe. Watu mia kadhaa, majembe chini, wanamtazama. Hakuna aliyemzomea. Afadhali wangezomea, angejua la kufanya.

Akaanza kutafuta uso katika umati, na uso alioupata ulikuwa wa mama yake mzazi. Yunis alikuwa ameshuka kutoka Kwai kwa miguu tangu alfajiri, na huko kwao hakukuwa na msaragambo ulioanza bila koo lake. Mifereji, njia, kanisa, vyote vilichimbwa juu ya sauti ya Yunis. Hezekia akashuka mpaka mbele yake, jasho linamtiririka katika baridi ile.

"Mama," akasema chini chini, kwa Kishambaa, "nianzishie wimbo."

Yunis alimtazama mwanawe muda mrefu. Alimpenda, kila mtu aliona. Akamfuta plasta begani kwa ncha ya kanga.

"Sauti imenikauka, mwanangu," akasema.

Hezekia akaiweka nyundo chini.

Bwana wa pili wa shirika alichungulia dirishani. "Wamegoma hawa?"

"Wamegomaje, bwana?" Rahabu akamjibu. "Si unawaona wamekuja wote?"

Landrova iliondoka taratibu, watu wakiipisha kwa heshima. Hezekia aliondoka nayo, bila kuaga, na hilo kwa mtoto wa Yunis lilikuwa jambo kubwa. Nao watu, kwa kuwa walikuwa wameshatoka majumbani na mikono ilikuwa ikiwasha, waliuliza kuna kazi gani. Rahabu akawaambia mfereji wa nyuma umeziba na bati la baraza ya sita linavuja. Akauliza ni kazi ya nani. Wanasema jibu lake lilisikika mpaka kwenye shule ya masista kule Kifungilo, lakini watu wa Lushoto wanajua kutia chumvi. Yunis alipoanza kuimba, koo lake halikuwa na tatizo lolote.

Wiki tatu baadaye ilikuja habari kwamba hoteli imetafutiwa mahali pengine. Mji ulishangilia. Halima alileta kabichi nzima bila kuombwa. Nakala ya taarifa ilibandikwa kwenye ubao wa bomani, na Rahabu, kwa kuwa alijua kusoma, akapanda kwenda kuisoma.

Ilikuwa fupi. Ilisema kazi ya kuondoa majengo haikufanyika kwa sababu wananchi hawakujitokeza kutokana na mvua.

Akaisoma mara mbili. Akaingia ofisini bila kungoja kuitwa. Hezekia akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mvua ipi?"

Hezekia akafunga mlango. "Mama, naomba unisikilize. Nimewakinga. Nikiandika kwamba mlikataa, habari itapanda mkoani. Itaitwa uasi. Wataleta katapila, na katapila haliulizi ni kazi ya nani. Acha hivi hivi. Mmeshinda. Rudi kwenye cherehani yako."

Alisema kweli, na Rahabu alijua kwamba amesema kweli. Aliiona baraza ya tano kama anaishika: kiti, nguzo, sare za watoto, jua la saa nne linavyoingia mpaka kwenye pedali. Vyote vilikuwa vyake sasa, kwa sharti la kunyamaza. Aliogopa. Akaegemea meza, mkono juu ya kitambaa cha kijani.

"Mimi nina wajukuu," akasema. "Watasoma. Watafungua makaratasi yako haya siku moja, wakute kwamba bibi zao walibaki ndani wanaota moto. Kwamba tuliogopa mvua. Hezekia! Mshambaa aogope mvua?"

Hezekia alitaka kucheka, hakuweza.

"Andika tulikuja," Rahabu akasema. "Andika tulikuja wote na tukakataa."

"Na katapila likija?"

"Litatukuta."

"Watauliza nani aliongoza."

"Waambie."

Hezekia alimtazama, kisha akakaa. Alichukua karatasi mpya. Aliandika polepole, akakata mstari mmoja, akaandika tena, na Rahabu alisimama nyuma ya bega lake akifuata kila neno kwa kidole, kama walivyofundishwa kule darasani. Wananchi walijitokeza kwa wingi. Waliulizwa mara tatu. Walikataa.

"Weka jina," akasema.

Akaweka. Rahabu akalisoma jina lake, herufi kwa herufi, akaona halikukosewa. Nje mtu alikuwa akisubiri kupokelewa. Alisikika akikanyaga kanyaga changarawe kwa baridi.

"Sasa piga mhuri," Rahabu akasema.